Uji wa udongo wa kumimina

Uji wa udongo wa kumimina ni mchanganyiko wa maji, udongo wa mfinyanzi na madini mengine unaomiminwa katika kalibu za jasi ili kutengeneza vikombe, birika, masinki ya vyoo na vyombo vingine vya kauri. Jasi hufyonza maji, na tabaka la udongo hujijenga kwenye ukuta wa kalibu. Uji unaobaki humwagwa.

Uji huo unapaswa kutiririka vizuri ukiwa na maji machache. Maji yakizidi, kalibu hulowa upesi, na chombo husinyaa sana na kuweza kupasuka kinapokauka. Ndiyo sababu huongezwa diflokulanti, yaani kemikali inayozuia chembe za udongo zisishikane.

Jinsi inavyofanya kazi

Chembe za udongo ni vibamba vidogo sana. Nyuso zake zina chaji hasi ya umeme, ilhali kingo zinaweza kuwa na chaji chanya. Kingo zikinasa kwenye nyuso, uji huwa mzito. Diflokulanti huondoa chaji chanya ya kingo, na ioni zake za sodiamu huchukua nafasi ya zile za kalsiamu. Hapo chembe husukumana. Zinazotumika sana ni silikati ya sodiamu na kaboneti ya sodiamu.

Kipimo

Kwa kawaida hutosha gramu 1 hadi 5 kwa kila kilo ya udongo mkavu. Lita moja ya uji ulio tayari huwa na uzito wa takriban kilo 1.7 hadi 1.8. Diflokulanti ikizidi, uji huwa mzito tena, na kuongeza nyingine huzidisha tatizo. Hivyo hutiwa kidogokidogo huku uji ukikorogwa. Maji yenye kalsiamu nyingi hupunguza nguvu yake.

Afrika ya Mashariki

Kaboneti ya sodiamu imo katika magadi ya Ziwa Magadi (Kenya) na Ziwa Natron (Tanzania). Hata hivyo magadi ghafi, kama yale ya kulainishia maharagwe, yana pia bikaboneti na chumvi, kwa hiyo kipimo chake ni vigumu kukadiria.

Kaolini, udongo mweupe wa kauri, hupatikana Tanzania katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, na Malangali mkoani Iringa. Ufinyanzi wa jadi wa Wakisi huko Ikombe, wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, hauhitaji diflokulanti, kwa kuwa vyungu hufinyangwa kwa mkono kwa udongo mzito.