Nani Anamwongoza Mwanafunzi Katika Magofu ya Wainka?

Safari za wanafunzi kwenda kwenye magofu ya Wainka katika milima ya Andes zimekuwa jambo la kawaida. Kundi hufika mji wa Cusco, nchini Peru, na walimu wake, hupokewa na mwongozaji mwenye leseni, huzungushwa katika Bonde Takatifu, kisha hupanda treni kwenda Machu Picchu. Wengi hurudi na picha nzuri na wazo moja tu kichwani: kwamba wameuona mji uliopotea ukagunduliwa. Wazo hilo si kweli, nalo lina historia yake. Tukiifuata historia hiyo tutaona kwamba tangu mwanzo wa karne ya 20 kumekuwa na namna mbili za kuwapeleka wasomi na wanafunzi kwenye kazi za Wainka. Ya kwanza ni ya kusaka ajabu. Ya pili ni ya kuisoma nchi pamoja na watu waliorithi ardhi yake. Ya kwanza ndiyo iliyopata umaarufu, ila ushahidi uko upande wa ya pili. Hoja yangu ni kwamba safari ya wanafunzi hufaa kuitwa somo pale tu inapofuata njia hiyo ya pili, na kwamba kinachoamua njia ipi itafuatwa ni nafasi anayopewa mwongozaji na swali ambalo mwanafunzi anakwenda nalo.

Tuanze na tarehe 24 Julai 1911. Hiram Bingham, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Yale, aliongoza msafara wa kitaaluma uliopiga kambi kando ya mto Urubamba. Mkulima wa mahali hapo, Melchor Arteaga, alikubali kumpeleka mlimani kwa malipo ya sol moja. Wasomi wenzake Bingham hawakupanda: mmoja alibaki akifuata vipepeo mtoni, mwingine akifua nguo zake. Bingham alikwenda na Arteaga pamoja na Sajini Carrasco, askari aliyepewa na serikali ya Peru, aliyejua Kiquechua na hivyo akawa mkalimani wake. Huko juu walikuta familia za Richarte na Álvarez zikilima kwenye matuta yaliyojengwa na Wainka, na mtoto wa kiume wa hapo ndiye aliyemtembeza mgeni katikati ya kuta. Kwenye ukuta mmojawapo Bingham alisoma jina la Agustín Lizárraga, mkulima wa bondeni, na mwaka 1902, yameandikwa kwa mkaa. Kwa maneno mengine, safari iliyoitangaza Machu Picchu kwa dunia ilikuwa safari ya chuo kikuu iliyoongozwa hatua kwa hatua na wenyeji. Hata hivyo, jarida la National Geographic lilipoitoa habari hiyo katika toleo zima la Aprili 1913, na Bingham mwenyewe alipoandika mwaka 1948 kitabu chenye jina la mji uliopotea wa Wainka, waongozaji walirudishwa nyuma na mgeni akasimama mbele kama mgunduzi.

Madhara ya kumrudisha mwongozaji nyuma hayakuishia kwenye heshima ya watu, kwa sababu yaliharibu elimu yenyewe. Bingham alikwenda akitafuta Vilcabamba, makao ya mwisho ambako Manco Inca na wanawe waliendeleza upinzani dhidi ya Wahispania hadi wa mwisho wao, Túpac Amaru, alipokamatwa na kuuawa mwaka 1572. Kwa kuwa ndicho alichokuwa akikitafuta, aliamini kwamba ndicho alichokipata. Mtaalamu wa mifupa wa msafara wake alipodai kwamba wengi wa waliozikwa hapo walikuwa wanawake, ikazuka hadithi ya wanawali wa Jua waliokimbilia mlimani. Madai yote mawili yameanguka. Vilcabamba imethibitishwa kuwa Espíritu Pampa, mahali palipo ndani ya msitu ambapo Bingham alifika mwaka huohuo wa 1911 bila kupatambua. Mtaalamu wa mifupa John Verano aliichunguza upya mifupa ya Machu Picchu akaonyesha kwamba wanaume na wanawake hawakupishana sana kwa idadi kama ilivyodaiwa, na kwamba watoto nao walikuwemo. Hati za karne ya 16 alizozichambua mwanaakiolojia John Rowe zinaonyesha kwamba ardhi ya eneo lile ilikuwa milki ya mfalme Pachacuti na ukoo wake. Vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2021 vinaonyesha kwamba watu waliishi pale kuanzia karibu mwaka 1420 hadi karibu 1530, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2023 ukabaini kwamba watumishi waliozikwa pale walitoka sehemu mbalimbali za dola, hata upande wa Amazon. Machu Picchu, basi, ilikuwa makao ya mfalme, yakihudumiwa na watu waliohamishwa kutoka mbali. Hilo ni jambo zito kuliko hadithi ya mji wa siri, na ndilo ambalo safari nyingi za wanafunzi hulipita haraka.

Miaka hiyohiyo, Cusco kwenyewe kulikuwa na mwelekeo mwingine. Chuo Kikuu cha San Antonio Abad kilifungwa baada ya wanafunzi kugoma mwaka 1909 wakidai mageuzi. Kilipofunguliwa upya mwaka 1910 kiliwekwa chini ya Albert Giesecke, Mmarekani kijana aliyewahimiza wanafunzi kutoka darasani na kuuchunguza mkoa wao: ardhi, uchumi, magofu na maisha ya watu. Mwaka 1912 wanafunzi hao walishiriki kuhesabu wakazi wa mji wa Cusco. Ni Giesecke pia aliyempa Bingham habari za magofu yaliyokuwa upande wa chini wa bonde la Urubamba, maana alikuwa amepita huko mapema. Kutoka katika mazingira hayo alitokea Luis Valcárcel, mmoja wa viongozi wa mgomo ule, ambaye mwaka 1915 alikuwa mstari wa mbele kumtuhumu Bingham kwamba anatorosha mali za kale, na mwaka 1934 akasimamia uchimbaji mkubwa katika magofu ya Sacsayhuamán. Vitu ambavyo Bingham alivipeleka Yale vilirudi Cusco baada ya takriban miaka mia, kufuatia makubaliano ya mwaka 2010, na sasa vimewekwa katika jumba la Casa Concha. Kundi lolote la wanafunzi linaloanza ziara yake katika jumba hilo linakutana mapema na swali la msingi kuhusu urithi: nani ana haki ya kuchukua, na nani ana haki ya kueleza.

Msafiri wa njia ya pili huuliza kazi ilifanywaje, na mlima humpa majibu mengi. Mhandisi wa maji Kenneth Wright na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ujenzi wa Machu Picchu uko chini ya ardhi, katika misingi na mifereji ya kutolea maji. Mahali pale hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka juu ya mgongo wa mlima wenye mteremko mkali, na bila mifereji hiyo matuta yangeporomoka zamani. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa mita 749 na kugawanywa katika chemchemi 16 za mawe zinazofuatana kushuka. Huko Ollantaytambo, mawe ya hekalu yalitolewa katika machimbo ya Kachiqata, ng'ambo ya mto, na mengine bado yamelala njiani; wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Mwandishi Mhispania Pedro Cieza de León aliandika katika karne ya 16 kwamba watu 20,000 walipangiwa kazi ya Sacsayhuamán kwa zamu, wengine wakichonga mawe na wengine wakiyavuta kwa kamba. Watu hao walilishwa na maghala ya dola, na huko Huánuco Pampa peke yake mabaki ya karibu maghala 500 yamehesabiwa. Yote yaliunganishwa na mtandao wa barabara wa takriban kilomita 30,000, Qhapaq Ñan, unaopita katika nchi sita za leo na ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Mwanafunzi aliyeelezwa mfereji, ghala na barabara ataielewa Machu Picchu akifika. Asiyeelezwa ataiona kama ajabu isiyo na chanzo.

Njia hiyo pia huondoa dhana kwamba historia ya Wainka ilikwisha mfalme Atahualpa alipokamatwa na Wahispania huko Cajamarca mwaka 1532. Katika daraja la Q'eswachaka, linalovuka mto Apurímac kusini ya Cusco, jamii nne za Waquechua hukutana kila Juni, zikasokota kamba za nyasi na kulijenga upya daraja lenye urefu wa karibu mita 28. Kila familia huleta kamba yake, na kazi hufanywa kwa utaratibu wa kusaidiana ambao wenyewe huuita ayni. Mji wa Ollantaytambo bado unakaliwa kwa mpango wa mitaa uliochorwa na Wainka, na maji yanapita katika mifereji yao. Mwongozaji aliyekulia katika jamii kama hizi, anayezungumza Kiquechua, anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu cha watalii: tuta lipi hupandwa lini, mfereji husafishwa na nani, mlima upi hutolewa sadaka na kwa nini. Peru ina sheria ya mwaka 2005 inayotaka waongozaji wawe na elimu rasmi. Elimu hiyo ikikutana na malezi ya namna hii, kundi limepata mwalimu wa pili, wala si mtu wa kuonyesha vyoo na kukata tiketi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba wanafunzi wana wiki moja tu, gharama ni kubwa, na wazazi wamelipia Machu Picchu, hawakulipia maghala na mifereji. Ni hoja ya haki, lakini njia ya pili haihitaji siku za ziada. Inahitaji mpangilio mwingine wa siku zilezile. Mwili wenyewe unaudai mpangilio huo. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayeshuka kwenye ndege hupatwa kwa urahisi na maumivu ya kichwa na kichefuchefu vya mwinuko, vinavyoitwa soroche. Kuteremka kwanza Ollantaytambo, kama mita 600 chini yake, humpa nafuu na wakati huohuo humfundisha machimbo, matuta na maghala. Machu Picchu, iliyo chini zaidi, mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, ifuate, na Casa Concha ipewe nusu siku. Kinachopunguzwa ni mbio za kutoka kituo hadi kituo na muda wa madukani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inadaiwa kwamba waongozaji wa kienyeji huwapamba Wainka, wakiificha dhuluma ya dola yao, hivyo kumpa mwongozaji nafasi kubwa ni kubadilisha hadithi moja tamu kwa nyingine. Ni kweli kwamba Wainka walikuwa watawala wenye mkono mzito. Walihamisha jamii nzima kutoka makwao, walitoza kazi kwa nguvu, na mwaka 1999 miili ya watoto watatu waliotolewa kafara ilipatikana kwenye kilele cha Llullaillaco, mita zaidi ya 6,700 juu. Wacañari, Wachachapoya na Wahuanca waliungana na Wahispania kwa sababu walikuwa na kisasi na Cusco. Lakini tiba ya mapambo ni ushahidi, na ushahidi huo hauonekani kwa anayesaka ajabu. Ni yule anayeuliza kazi ilifanywa na nani ndiye anayefika kwa wale watumishi waliohamishwa, wakazikwa mbali na kwao. Mwalimu akileta maandiko na mwongozaji akileta ujuzi wa mahali, kila mmoja humsahihisha mwenzake. Bingham alikuwa na maandiko mengi, na bado alikosea.

La tatu ni la wale wanaosema afadhali wanafunzi wasiende kabisa, kwa kuwa miguu yao inaichakaza Machu Picchu. Uchakavu upo, ndiyo maana tiketi sasa hutolewa kwa saa na kwa mzunguko maalumu, na kwenye Njia ya Inka ya siku nne hawaruhusiwi watu zaidi ya 500 kwa siku wakiwemo wapagazi, nayo hufungwa kila Februari. Hata hivyo, msongamano umesababishwa kwa sehemu kubwa na ile hadithi ya mji mmoja uliopotea, inayomvuta kila mtu mahali pamoja. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba urithi huu ni mtandao ataona sababu ya kwenda Pisac, Tipón, Choquequirao au Huánuco Pampa, na fedha zake zitafika katika vijiji vingi zaidi. Atatambua pia kwamba mpagazi anayembebea hema ni mtu wa historia hii hii, mwenye sheria inayomlinda tangu mwaka 2001 na kikomo cha mzigo cha kilo 20, na kwamba kundi linalokivunja kikomo hicho linarudia dhuluma ileile inayosimuliwa darasani.

Kwa hiyo mwalimu anayepanga safari kama hii ana wajibu ulio wazi. Achague mwongozaji kwa ujuzi wake wa ardhi na lugha, amlipe stahili yake na ampe muda wa kufundisha. Ahakikishe wapagazi wanapata haki zao kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Na kabla ya kuondoka nyumbani awape wanafunzi maswali matatu ya kwenda nayo: nani alijenga, kwa chakula cha nani, na wajukuu wa wajenzi wako wapi leo? Mwanafunzi anayerudi na majibu ya maswali hayo amesoma historia ya Wainka. Anayerudi bila majibu hayo amesafiri tu.