Sindano za kiungo cha taya: Zatibu nini hasa?

MAUMIVU yanayochoma mbele ya sikio kila mtu atafunapo hudhaniwa upesi kuwa ya jino. Wapo wanaong'olewa gego zima lisilo na kasoro, ilhali kilichochakaa ni kiungo cha taya.

Kiungo hicho, kimoja kila upande wa uso, hukutanisha mfupa wa taya la chini na ule wa fuvu. Baina yao pana kisahani cha nyuzinyuzi na ute unaolainisha mwendo. Tufumbuapo kinywa, kichwa cha taya kwanza hugeuka mithili ya bawaba, kisha huteleza mbele. Umri, ajali au mazoea ya kusaga meno usingizini yaweza kukisogeza kisahani hicho, gegedu likaliwa na mifupa ikaanza kusuguana. Hapo ndipo mgonjwa husikia mkwaruzo kama wa changarawe chini ya kiatu, na kinywa hukataa kufunguka. Kwa kawaida mtu mzima hufungua kinywa milimita 40 au zaidi, yaani nafasi ya vidole vyake vitatu. Mlio pekee, usioambatana na maumivu wala kukwama, hauhitaji sindano yoyote.

Dawa kongwe zaidi kati ya zinazodungwa humo ni steroidi, ambayo ilianza kutumiwa kwenye kiungo hiki katika miaka ya 1950. Hutuliza uvimbe wa ndani na pengine maumivu hupungua haraka. Hata hivyo, ikirudiwa mara nyingi huweza kudhoofisha gegedu na mfupa wenyewe. Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kichwa cha taya ni mahali muhimu pa ukuaji wa taya hilo.

Ya pili ni asidi ya hayaluroniki, iliyotambuliwa mwaka wa 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika jicho la ng'ombe. Asidi hii imo katika ute wa viungo vyetu. Kiungo kinapougua, ute huwa mwepesi, na nia ya daktari ni kuurejeshea uzito wake. Ajabu ni kwamba mwili huifyonza asidi hiyo katika muda mfupi, ilhali nafuu, inapopatikana, huweza kudumu miezi kadhaa.

Mtindo mpya ni kutoa damu ya mgonjwa mwenyewe, kuizungusha kwa mashine na kumdunga sehemu yenye wingi wa chembe za kugandisha damu. Matokeo ya baadhi ya tafiti yanatia moyo, lakini kila kliniki huitayarisha damu hiyo kwa namna yake, na kulinganisha matokeo kumekuwa kazi ngumu. Botulinamu, ambayo pia hutajwa sana, hudungwa misulini wala si ndani ya kiungo.

Mara nyingi dawa hizi hutanguliwa na uoshaji wa kiungo, mbinu iliyoelezwa mwaka wa 1991 na Dorrit Nitzan na wenzake. Mgonjwa hutiwa ganzi, kisha sindano mbili huingizwa mbele ya sikio: moja hupitisha maji ya chumvi yaliyotakaswa, nyingine huyatoa pamoja na kemikali zinazochochea maumivu. Maji yanayopitishwa yaweza kufikia mililita 100 au zaidi. Dawa inayoachwa mwishoni ni kama mililita moja tu, kwani nafasi yenyewe ni finyu. Hivyo si ajabu wataalamu wakauliza iwapo kinacholeta nafuu ni dawa au ni maji.

Mnamo Desemba 2023, jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ kuhusu maumivu sugu ya taya. Lilitanguliza mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kukandwa na mtaalamu, na tiba ya ushauri wa kisaikolojia. Kuhusu uoshaji na sindano za steroidi, hayaluroniki na botulinamu, jopo lilishauri zisitumiwe, ingawa si kwa mkazo. Ikumbukwe kwamba lilizingatia maradhi ya misuli na ya kiungo kwa pamoja. Mgonjwa ambaye kiungo chake kimekwama kabisa ana hoja yake ya kujadiliana na daktari.

Hakuna sindano kati ya hizi iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu lililokwisha. Anayeahidiwa hivyo kwa malipo makubwa ana haki ya kuuliza ni dawa gani, itadungwa mara ngapi, na ikishindwa kitafuata nini. Nchini Kenya, aulize pia iwapo mdungaji amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na iwapo ni mpasuaji wa kinywa, taya na uso.

Kabla ya hapo yapo ya nyumbani: vyakula laini, kitambaa chenye joto, kushikilia kidevu wakati wa kupiga miayo, na kuacha kutafuna miraa au ubani kwa saa nyingi. Kwa wagonjwa wengi maumivu hupoa yenyewe baada ya miezi au miaka, hata kama picha ya eksirei itaendelea kuonyesha mfupa uliolika. Lakini taya likivimba pamoja na homa, uso ukifa ganzi, au meno yakiacha ghafla kukutana, mgonjwa amwone daktari siku hiyo hiyo.