Dawa "Isiyo na Kostiki" na Onyo Lililochelewa

Katika kichenpati moja niliyohudhuria Dar es Salaam, somo aliwapasha mabinti wa siku hizi mpaka akafika kwenye nywele. Dawa ya nywele, akasema, ililetwa duniani na mwanamke mweusi wa Marekani, Madam C. J. Walker, aliyetajirika kwa kuwafundisha wenzake kujichukia. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilibaki na kijiko cha pilau mkononi, maana sentensi ile fupi ilikuwa na kosa moja na dhuluma moja.

Kosa halina kazi kulisahihisha. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kufariki 1919, aliuza hasa mafuta ya kutibu ngozi ya kichwa na kuotesha nywele, yaliyotiwa salfa. Hata kitana cha moto anachovumishiwa hakukibuni. Kilikuwa kikiuzwa kabla yake. Na kitana cha moto si dawa. Ukinyeshewa na mvua njiani, kipilipili kinarudi kabla hujafika nyumbani.

Dawa yenyewe ina asili ya cherehani. Garrett Morgan, fundi mweusi wa Cleveland, mwaka 1909 hivi alikuwa akitafuta kimiminika cha kulainisha sindano isiunguze kitambaa. Akafuta mikono kwenye kipande cha sufu. Aliporudi akakuta manyoya ya kile kitambaa yamelala. Akampaka mbwa wa jirani, kisha akajipaka mwenyewe, na mwaka 1913 akafungua kampuni. Kisa cha mbwa wapo wanaokicheka. Mimi nakipokea, na naongeza kwamba kwa miongo mingi iliyofuata sioni kipimo cha usalama kilichomzidi sana yule mbwa.

Na dhuluma ni hii: somo alisahau wanaume. Kabla dawa haijawa jambo la saluni za kike, vijana na wanamuziki weusi wa mijini Marekani walikuwa wakilaza nywele zao kwa mchanganyiko wa nyumbani wa viazi, mayai na kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Malcolm X, katika simulizi ya maisha yake iliyotoka 1965, alieleza namna kichwa kilivyomwaka moto siku ya kwanza. Sijasikia somo yeyote akiwasema wanaume wale.

Sasa nifike kwenye chanzo kilichonifanya niandike. Mama mdogo alikuwa na saluni ya vyumba viwili miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kurudi madukani, baada ya serikali kuruhusu mwaka 1984 watu waagize mali kwa fedha zao. Alipofariki, ndani ya kopo lake la biskuti, chini ya vifungo na sindano, nilikuta karatasi ya maelekezo kutoka kwenye boksi la dawa ya nywele. Imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta pembeni, na haina neno moja la Kiswahili. Inasema kwa Kiingereza: vaa glovu, usipake penye kidonda, usikwaruze kichwa kabla, dawa isiingie machoni, na ukisikia inaunguza, suuza mara moja.

Nilikuwa na miaka 13 nilipokaa kwenye kiti chake, masikio yamepakwa vaselini.

"Inawasha?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Vumilia kidogo, haijashika."

Hakuwa mkatili. Alikuwa msusi hodari aliyefundishwa na msusi mwingine, naye na mwingine, na katika mnyororo wote huo karatasi ilikuwa kitu cha kuwekea vichanio. Kwetu kuwasha kulimaanisha dawa inafanya kazi.

Onyo hilo kwenye karatasi nalo lina historia, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mfanyabiashara mweusi George E. Johnson alianza kampuni yake Chicago mwaka 1954 kwa mkopo wa dola 250. Mkopeshaji wa kwanza alimnyima aliposema anataka kufungua biashara. Akaenda kwa mwingine, akasema anataka kwenda likizo, akapewa. Mwaka 1971 kampuni yake, yenye dawa ya Ultra Sheen, ikawa ya kwanza inayomilikiwa na weusi kuingia katika soko la hisa la American Stock Exchange. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikamwandama: dawa ina kostiki soda, inaweza kuunguza ngozi na kudhuru macho, na wanunuzi lazima waambiwe hivyo. Johnson akakubali kutia saini makubaliano ya kuweka onyo hilo. Revlon, kampuni ya wazungu iliyouza dawa ya aina hiyohiyo, haikubanwa vilevile mpaka karibu miaka miwili baadaye. Katika kipindi hicho mteja aliyesimama dukani aliona boksi moja lina onyo na jingine halina. Unadhani alichukua lipi?

Wanaomtetea Johnson husema alionewa, nami nakubaliana nao. Lakini hakusingiziwa. Alichotakiwa kuandika kilikuwa kweli, na kilikuwa kweli pia kwa Revlon. Katika ugomvi wa nani alitangulia kuonya, kichwa cha mteja hakikuwa na wakili.

Soko lilijibu kwa jina jipya: dawa "isiyo na kostiki". Ilipotufikia, ilisifiwa kama dawa ya upole, ya watoto na wenye ngozi laini. Fungua boksi lake. Utakuta krimu yenye hidroksidi ya kalisi, ambayo ni chokaa, ndugu ya ile tunayopakia nyumba na kulia tambuu, na kichupa cha kimiminika cha guanidini kabonati. Ukivichanganya unapata alkali nyingine inayovunja vifungo vilevile vya salfa vinavyoupa unywele mkunjo wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima dawa 121, zenye kostiki na zisizo nayo, za wakubwa na za watoto. Kipimo cha kati cha pH kilizidi 12, ilhali 11.5 tayari ni kiwango cha kuunguza ngozi.

Hapo sijagusa saratani. Oktoba 2022 taasisi za afya za Marekani zilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiowahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Huo ni uhusiano, haujawa ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na wengi watumiao hawataugua. Lakini utafiti wa 2012 juu ya wanawake weusi wa Marekani ulikuwa umeshaonyesha uvimbe wa fibroidi ukizidi kwa watumiaji, na wa Ghana wa 2018 saratani ya matiti.

Haya siyasemi ili kumpigia mtu marufuku. Operesheni Vijana ya TANU Youth League, Januari 1969, ilipiga marufuku vimini, mawigi na krimu za kujichubua kwa jina la utamaduni. Wanaohubiri nywele za asili leo wakati mwingine hurithi sauti ile, na sina subira nayo. Mimi nilikata nywele za dawa nikaanza upya na twende kilioni, si kwa sababu niliacha kujichukia, bali kwa sababu hatimaye niliisoma karatasi.

Msomaji, kama kwenu kuna boksi au karatasi ya aina hiyo ya miaka ya 1980 au 1990, usiitupe. Piga picha pande zote, andika ilinunuliwa wapi na lini, uitume kwa jarida hili. Na ukienda saluni kesho, omba boksi kabla hujakaa.