Maji ya Damu Tuliyoyamwaga

Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa damu ya watu wengine. Nilianza nikiwa kijana wa kuosha vioo katika maabara ya hospitali moja ya mkoa, nikapelekwa kozi, nikarudi fundi, na hapo nikakaa mpaka siku ya kustaafu. Kila asubuhi tulipokea chupa, tukaziweka katika mashine ya kuzungusha, na damu ikajitenga: chembe nyekundu chini, na juu yake maji ya rangi ya majani makavu, yaani seramu. Tulichukua matone tuliyoyahitaji. Yaliyosalia tuliyatia dawa baada ya siku mbili tatu, tukayamwaga katika sinki. Sikuwahi kujiuliza humo mna nini.

Mwaka 1997 damu ya dada yangu mkubwa ilipita mikononi mwangu mara tatu. Alikuwa akilalamika kwamba ugali unamkwama kifuani. Mara ya kwanza iliandikwa malaria, mara ya pili homa ya matumbo, mara ya tatu upungufu wa damu, na vipimo vyote nilivifanya mwenyewe, kwa uangalifu wa ndugu. Nilivirudia, tena usiku, wenzangu walipokwisha kwenda nyumbani. Majibu yalikuwa sahihi. Alipopelekwa Dar es Salaam akaingizwa mpira wenye taa kooni, saratani ya umio ilikwisha kuziba njia. Hata uji ulipita kwa shida. Tulimzika mwaka huohuo.

Ndiyo sababu, ndugu msomaji, mzee wa maabara ambaye angepaswa kuwa shambani anasoma habari za mnyoo.

Mnyoo wenyewe huitwa Caenorhabditis elegans. Una urefu wa milimita 1, huishi udongoni, wala haumdhuru mtu. Wataalamu waliupenda kwa sababu mwili wake hupitisha mwanga, na kila chembe yake inaweza kufuatwa kwa darubini tangu yai hadi utu uzima. Kulikuwa na minyoo yenye hitilafu katika jeni iitwayo lin-4, nayo haikukua sawasawa: ilirudia hatua za utotoni tena na tena. Victor Ambros, Mmarekani, pamoja na wenzake Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, waliisaka jeni hiyo kwa miaka. Kila mtu alijua kwamba kazi ya jeni ni kutengeneza protini. Hii haikutengeneza protini yoyote. Ilitoa kipande cha RNA chenye herufi 22 tu, kifupi kuliko sentensi hii.

Nieleze kidogo, kwa namna nilivyojielezea mwenyewe. DNA ni kama kitabu kilichofungiwa ofisini, ambacho hakitoki. Kinachotoka ni nakala, RNA mjumbe, inayopeleka agizo mpaka mahali protini zinapoundwa. Sasa fikiria karani amekaa mlangoni. Hana cheo wala haandiki barua, lakini akiona mjumbe aliyebeba maneno fulani humshika mkono, na agizo halifiki, au hufika limepunguzwa nguvu. Gary Ruvkun, aliyekuwa akichunguza jeni nyingine ya mnyoo huohuo, lin-14, alibadilishana maandishi na Ambros, na kila mmoja akaona kwamba herufi za kile kipande kifupi zinakaribia kupatana na herufi za mkiani mwa mjumbe wa lin-14. Karani alikuwa amepatikana. Makala zao mbili zilitoka pamoja Desemba 1993.

Mapokezi yalikuwa baridi. Watu walisema hayo ni mambo ya minyoo. Ilikuwa mpaka mwaka 2000 ndipo kikundi cha Ruvkun kilipopata kipande cha pili, let-7, na hicho kilikutwa pia katika nzi, katika samaki na katika binadamu. Hapo mlango ukafunguka, na mwaka uliofuata vipande hivyo vikapewa jina la mikroRNA. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024, miaka 31 baada ya makala zao. Nilipoisoma hesabu hiyo niliiangalia mara mbili, kwa kuwa ndiyo hesabu ya miaka yangu ya kazi.

Jambo lililonigusa zaidi halina tuzo. Katika maabara za aina ile RNA hutandazwa ndani ya jeli kwa nguvu ya umeme, na vipande vifupi hutangulia mbio. Kwa miaka mingi vifupi kabisa viliachwa vitokee ukingoni vipotelee majini, kwa kuwa vilidhaniwa ni makombo ya RNA kubwa zilizovunjika. Nao pia walikuwa na sinki lao.

Saratani iliingia katika hadithi hii mwaka 2002. Kuna saratani ya damu inayowapata zaidi wazee wa Ulaya na Marekani, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wake wamepoteza kijipande kilekile cha kromosomu ya 13. Watafiti walipekua kijipande hicho kwa miaka wakitafuta jeni ya protini inayozuia saratani, wasiione. George Calin na Carlo Croce, waliokuwa Philadelphia, wakaangalia upya na kukuta humo mikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1. Baadaye, mwaka 2005, ilionekana kwamba makarani hawa wawili huizuia protini iitwayo BCL2, ambayo huinyima chembe ruhusa ya kufa. Makarani wakiondoka, chembe iliyopaswa kufa inabaki, na zile zilizobaki hulundikana.

Mwaka huohuo wa 2005, kikundi cha Todd Golub kule Boston kilipima mikroRNA 217 katika mamia ya sampuli za uvimbe na za mwili mzima wenye afya. Walikuwa na uvimbe 17 uliokuwa umeharibika sura kiasi kwamba kuujua asili yake kwa darubini ilikuwa taabu. Orodha ya mikroRNA ilitaja asili sahihi ya 12 kati ya hizo 17. Orodha ya RNA wajumbe, iliyokuwa ndefu mara nyingi zaidi, ilipatia 1.

Hapa niingize jambo la kwetu, maana ni haki yetu kulijua. Virusi vya kwanza kabisa kukutwa na mikroRNA zao wenyewe, mwaka 2004, ni vile vya Epstein-Barr, navyo viligunduliwa mwaka 1964 katika chembe za uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ule alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala. Chembe alizotumia Sébastien Pfeffer na wenzake katika kazi ile ya 2004 zilikuwa za uvimbe wa aina hiyo.

Lakini mimi nilikuwa nikingoja seramu. Ilikuja mwaka 2008. Kikundi cha Muneesh Tewari cha Seattle kiliuliza swali ambalo fundi yeyote angelicheka: je, mikroRNA zinaweza kukaa ndani ya maji ya damu? Kila mtu anajua kwamba RNA ikiwekwa katika seramu huoza mara moja. Wakatia mikroRNA za kutengenezwa, nazo zikaharibika upesi kama ilivyotarajiwa. Zile za mwenye damu mwenyewe hazikuharibika. Ziliachwa mezani saa 24 zikabaki. Ziligandishwa na kuyeyushwa mara 8 zikabaki. Zimefungwa ndani ya vifuko vidogo au zimeshikana na protini zinazozilinda. Kisha wakalinganisha wanaume 25 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa na 25 wasio nayo, na moja ya mikroRNA hizo, miR-141, ikawatenganisha.

Niliposoma hayo niliacha kusoma, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe. Saa 24 mezani! Sampuli za dada yangu zilikaa mezani kwangu zaidi ya hapo.

Ningeweza kukomea hapo na kujitesa, na kwa muda nilijitesa. Lakini historia iliendelea, na fundi ni lazima aisome mpaka mwisho. Baada ya 2008 yalimiminika makala mengi, kila moja ikitaja alama mpya ya saratani hii au ile, na alama za kundi moja hazikuonekana kwa kundi jingine. Mwaka 2012 kikundi hichohicho cha Seattle kilizipitia alama 79 zilizokwisha kutangazwa, kikakuta kwamba zaidi ya nusu ni mikroRNA zinazojaa katika chembe za kawaida za damu. Chembe nyekundu hasa zina miR-451 na miR-16 kwa wingi. Zikipasuka kidogo tu wakati wa kuchukua damu, seramu hupata alama ambazo hazikutoka katika uvimbe wowote. Na watu wengi walikuwa wakiitumia miR-16 hiyohiyo kama jiwe la mizani!

Lo! Jambo hilo lingeweza kusemwa na fundi yeyote wa hospitali ya mkoa. Sindano nyembamba mno, kuvuta kwa pupa, kutikisa chupa kama dawa ya kikohozi, kuisafirisha juani juu ya baiskeli: tuliyajua yote hayo kwa macho, kwa sababu maji ya juu yaligeuka mekundu na kipimo cha potasiamu kikadanganya. Tuliwarudishia manesi chupa hizo, wakatununia.

Basi ninapoandika haya, hakuna kipimo cha mikroRNA ambacho daktari wa mkoa anaweza kukijaza katika fomu ili saratani ya umio ijulikane mapema. Utafiti unaendelea na baadhi yake una matumaini, lakini mpira wenye taa bado ndio unaoamua. Hata seramu ya dada yangu ingekuwapo leo katika friza, sijui nani angeweza kuisoma, na sikumbuki kama moja ya zile chupa tatu ilikuwa nyekundu.

Mjukuu wa dada yangu sasa ni mtaalamu wa maabara, amesoma chuo kikuu. Mwezi uliopita alinieleza kwamba kazini kwao wamepata friza la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa ajili ya kuhifadhi sampuli za utafiti, na kila chupa ina namba yake. "Babu, zamani mliziweka wapi?" akaniuliza. Nikamwambia tulizimwaga. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe jinsi tulivyokuwa tukivuta damu polepole kwa wazee wenye mishipa myembamba. Nikakunja shati, nikampa mkono wangu.