Zamu ya Mapinduzi

Huenda msomaji akastaajabu kuona kurasa hizi, zilizozoea mashairi, zikitia mguu katika mchezo wa kompyuta. Lakini mchezo wenyewe umejiita Civilization, yaani Ustaarabu, na mwenye kujipa jina hilo amejitwika historia nzima. Uliotungwa na Sid Meier na Bruce Shelley katika kampuni ya MicroProse, Marekani, ulitoka mwaka 1991, na wako wanaoucheza mpaka leo.

Mchezaji huanza mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, hana ila kundi la walowezi na utawala wa imla. Watu wake wakishajua mazishi ya ibada na sheria za kuandikwa, mlango wa ufalme hufunguka. Sheria hizo zikikutana na elimu ya kusoma na kuandika, huwezekana jamhuri. Mpangilio huu utatupendeza sisi watu wa kalamu, ingawa historia haikuwa na adabu hiyo ya kupanda ngazi moja moja.

Kila utawala una tamu na chungu yake. Imla huipunguzia mazao ardhi iliyo na rutuba zaidi. Jamhuri huneemesha biashara, lakini askari wakiwa mbali na miji yao raia hunung’unika. Demokrasia haina ufisadi (hapa watungaji walikuwa wakarimu mno), ila baraza lake humzuia mtawala kwenda vitani, na fujo za mjini zisipotulizwa huiangusha.

Kwa hiyo swali linalomkosesha mchezaji usingizi si serikali gani, bali lini. Baina ya utawala na utawala ziko zamu za machafuko. Neno hilo nimelichagua kwa kuwa sisi husema bahari imechafuka, na chombo katika zamu hizo hakina nahodha. Tazama sasa kalenda ya mchezo: mpaka mwaka 1000 wa Miladi zamu moja ni miaka 20, kisha 10, kisha 5, kisha 2, na mwisho mwaka mmoja mmoja. Zamu mbili za machafuko zamani za kale hula miaka 40, karibuni na zama zetu hula miwili tu. Hata hivyo wajuzi huyaharakisha mapinduzi yao mapema. Mwenye miji mitatu midogo hana kikubwa cha kupoteza. Mwenye miji ishirini, zamu mbili hizo humkausha hazina na kumrudisha nyuma ya majirani. Basi hasara haihesabiwi kwa miaka, huhesabiwa kwa kilichosimama.

Ipo njia ya kukwepa. Anayejenga Mapiramidi hubadili serikali bila ya machafuko. Katika mchezo wa pili, ulioongozwa na Brian Reynolds na kutoka mwaka 1996, zawadi hiyo alipewa mwenye Sanamu ya Uhuru. Hilo la pili angalau nalifahamu.

Nilipojaribu kuyatafsiri maneno ya mchezo huu, lililonikwamisha ni mapinduzi. Chombo kikipinduka, wote waliomo huingia majini, nahodha akiwa wa kwanza au wa mwisho. Mchezoni anayepindua ni mtawala mwenyewe. Ufalme huondoka na mfalme akabaki pale pale alipoketi, ameubadilisha utawala kama abadilishaye kanzu. Raia hawakuulizwa, wala hawakuhitajika.

Sisi wa visiwa hivi tuna hesabu nyingine. Tarehe 10 Desemba 1963 himaya ya Mwingereza ilikwisha na Zanzibar ikawa dola huru chini ya Sultani. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na ikatangazwa Jamhuri ya Watu. Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo ukawa Muungano na Tanganyika. Baina ya bendera ya Desemba na usiku wa Januari ni siku 33. Kwa kalenda ya mchezo mambo yote hayo yangemezwa na zamu mbili, na machafuko yake yasingepata hata mstari. Lakini katika siku hizo watu waliuawa, wengine wakahama na watoto wao, na Sultani Jamshid bin Abdulla akaondoka kwa meli. Alifariki Oman mwezi wa Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95.