Sadaka Isiyonunua Unga

Barack Obama alipohamia Chicago mwaka 1985, akiwa na miaka 23, ofisi yake ilikuwa ndani ya nyumba ya mapadre wa parokia ya Holy Rosary, kusini mwa jiji. Hakuwa Mkatoliki. Aliajiriwa kuendesha Developing Communities Project, mradi wa kuwaunganisha wakazi wadai haki zao, na sehemu ya fedha za mradi huo ilitoka kwenye vikapu vya sadaka vya Wakatoliki wa Marekani nzima.

Sadaka hiyo ilikuwa na umri wa miaka 15. Novemba 1969, majivu ya ghasia za mijini yakiwa bado ya moto, maaskofu wa nchi hiyo waliamua kuanzisha mfuko wa kupambana na umaskini. Mwaka mmoja baadaye, Jumapili moja ya Novemba, mchango wa kwanza ulizunguka parokiani na kuleta zaidi ya dola milioni 8. Mfuko ukaitwa Kampeni ya Maendeleo ya Binadamu. Neno "Katoliki" liliongezwa mwaka 1998.

Kugawa chakula na nguo Kanisa lilikwishazoea, na kazi hiyo ilikuwa na mashirika yake. Mfuko huu haukununua unga. Ruzuku zake zililenga vikundi vinavyoshughulikia chanzo cha umaskini, tena kwa sharti kwamba maskini wenyewe ndio wawe na kauli kubwa katika uongozi wa kikundi. Robo ya mchango hubaki katika jimbo la Kanisa kusaidia vikundi vya hapohapo.

Ugomvi wote uliofuata, kwa maoni yangu, mbegu yake ni sharti hilo la maskini kuwa na kauli. Anayepewa unga hushukuru akaenda zake. Anayepewa mahali pa kukutania na mtu wa kuitisha mikutano huanza kuuliza maswali.

Kusini mwa Chicago maswali hayakukosekana. Kiwanda cha Wisconsin Steel kilifungwa mwaka 1980, maelfu wakabaki bila kazi. Karibu na hapo palikuwa na Altgeld Gardens, nyumba za umma zilizozungukwa na majalala. Mwaka 1986 wakazi walibaini kwamba asbesto, madini yanayodhuru afya, ingeondolewa katika ofisi ya meneja. Na kwenye nyumba zao je? Kwa msaada wa mradi wa Obama, wakapanda basi hadi makao makuu ya mamlaka ya nyumba kudai jibu, akina mama wakiwa mstari wa mbele.

Wakosoaji ndani ya Kanisa waliona siasa tupu. Mwaka 2008 waliongezewa hoja: ilifichuka kwamba ndugu wa mwanzilishi wa ACORN, mtandao wa vikundi vya wananchi uliokuwa ukipokea ruzuku za mfuko, alifuja karibu dola milioni 1. Mfuko ukakata ruzuku hizo, na maaskofu kadhaa wakausimamisha mchango majimboni mwao. Mwaka 2010 masharti yakakazwa.

Juni 2024 maaskofu walipunguza wafanyakazi wa idara inayousimamia mfuko. Novemba ilipofika, katika parokia nyingi kikapu kilizunguka tena.