Rai za Barzani juu ya Kaseti ya "Hali Halisi"

Watu wanaoandika historia ya ushairi wetu wamezoea kuuliza ni nani aliyetunga, aliishi zama gani, na alikuwa akijibizana na nani. Ni mara chache waulizapo ni nani aliyesikiliza, na msikilizaji huyo alisema nini alipokwisha kusikia. Sababu yake si ngumu kuijua. Mtungaji huacha karatasi, au walau huacha jina. Msikilizaji huacha maneno tu, na maneno ya barzani hayadumu zaidi ya kahawa iliyomo kikombeni. Lakini katika kisiwa cha Pemba khabari hii ina uzito wa peke yake, kwa kuwa mashairi ya Kamange na Sarahani, mafahali wawili wa karne ya kumi na tisa, yasingalitufikia lau si wasikilizaji waliyoyahifadhi vifuani na katika karatasi zao, mpaka yakakusanywa na kupigwa chapa katika kitabu mwaka 2011. Basi sisi Wapemba tuna deni kwa wasikilizaji, na si deni dogo.

Kaseti nitakayoisema hapa haina mashairi ya Kamange. Ni kaseti ya muziki ambao siku zile ukiitwa wa kufokafoka, ya kijana wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kwa jina la Mr. II na baadaye Sugu. Ilitoka mwaka 1998, na jina lake jaladani ni "Niite Mr. II". Kwetu hapakuwa na aliyeiita hivyo. Kila mtu aliiita "Hali Halisi", kwa jina la wimbo mmoja uliokuwamo, wimbo wa dhiki za vijana, wa ahadi za wakubwa, na wa polisi na jela ambazo kijana maskini hukutana nazo kila alikopita. Kabla yake Saleh Jabir alikwisha kutia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani mwaka 1991, na Mr. II mwenyewe alikuwa na kaseti mbili nyuma yake, ya 1995 na ya 1996. Hizo zilipita Pemba kama upepo wa kusi upitavyo. Hii ya 1998 ilituama.

Ilikuja kwa njia zilizo kongwe kuliko muziki wenyewe. Nyingine zilivuka kwa chombo kutoka Tanga mpaka Wete, nyingine zilishuka Mkoani kwa meli ya Unguja, na moja ikizaa kumi, kwa kuwa kila mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa ni mpiga chapa. Umeme wakati ule ulikuwa wa mitambo ya dizeli, nao ukiondoka pasipo kuaga. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukutufikia ila mwaka 2010. Kwa hiyo kaseti ikisikilizwa kwa betri, na betri ni fedha, na fedha zikichangwa. Jambo hili ni la kuangaliwa na mwanahistoria. Mtu aliyechangia betri huona kwamba ana haki ya kutoa rai, na kila aliyeketi barzani alikuwa amechangia.

Msomaji asiyekuwapo hana budi kukumbushwa Pemba ya 1998 ilikuwaje. Bei ya karafuu iliporomoka tangu miaka ya 1980, na mkulima hakuruhusiwa kuziuza ila kwa shirika la serikali. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliwapa wapinzani majimbo yote 21 ya Pemba, na tangu hapo kisiwa kikawa kinatazamwa kwa jicho la pembeni. Watu 18 wa chama hicho walikuwa ndani kwa shitaka la uhaini, ambalo halikufutwa mpaka Novemba 2000. Katika hali hiyo ikaja kaseti yenye jina la "Hali Halisi". Mtu angedhani kwamba kisiwa kizima kingeikumbatia. Haikuwa hivyo.

Rai ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya mjomba wangu, mtu wa mashairi, aliyekuwa akiweza kukaa kutwa nzima akitafuta kina kimoja. Aliisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi waliomfuata katika kuilaani hawakulifanya, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ana la kusema lakini hana pa kulitia." Maana yake ni kwamba maneno yale hayakuwa na mizani, na vina vyake vilikuja vikaondoka kama wageni wasiokaribishwa. Kwa mjomba hili halikuwa jambo dogo la ufundi. Aliamini kwamba lawama isiyofungwa kwa mizani ni ugomvi tu, na kwamba mtawala huogopa shairi kwa sababu haliwezi kubadilishwa hata silabi moja likiwa katika midomo ya watu. Akatoa mfano wa Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Mtu aliyefungwa kwa waraka wake, alisema, hakuiacha mizani hata ndani ya jela. Huyu aliye huru ana udhuru gani?

Walimu wa dini na wa skuli walikuwa na neno jingine. Wao hawakusikiliza kitu isipokuwa ukali wa sauti, na walichokitazama ni suruali zilizoning'inia na kofia zilizogeuzwa. Rai yao ilikuwa kwamba huu ni uhuni wa Marekani uliofundishwa kusema Kiswahili. Siwezi kusema kwamba hawakuwa na haki hata kidogo. Mwaka 1988 vijana wa Compton, karibu na Los Angeles, waliojiita N.W.A, walitoa santuri ya "Straight Outta Compton", yenye wimbo mmoja wa kuwashutumu polisi kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa. Mwaka uliofuata ofisa mmoja wa FBI aliiandikia barua kampuni iliyokuwa ikiiuza, akilalamika kwamba wimbo ule unachochea jeuri. Redio nyingi hazikutaka kuipiga, nayo juu ya hayo ikauzwa kupindukia milioni. Huko nako wasikilizaji waligawanyika vivi hivi, wengine wakisema ni fitina, wengine wakisema ni khabari. Na mji wa Los Angeles ulipowaka moto mwaka 1992, baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiliwa na mahakama, wako waliorudi kwenye santuri ile wakasema kwamba walikwisha kuonywa. Walimu wetu hawakuyajua hayo yote, lakini waliinusa asili yake. Walilokosea ni kudhani kwamba kitu kikikopwa hakibadiliki. Wimbo wa "Hali Halisi" haujisifu kwa bunduki, nao haumtukani mama wa mtu. Unanung'unika, na manung'uniko hayakuhitaji kuletwa kutoka Compton.

Wala lawama juu ya mahakama na polisi si ngeni katika nyimbo za visiwa hivi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, aliimba kisa cha Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni kisha akavuka kwenda Bara, na adhabu ya mahakama ikawaangukia waliokuja kutoa ushahidi. Mwanahistoria Laura Fair, alipowauliza wazee wa Unguja juu ya nyimbo za Siti miaka mingi baadaye, aliwakuta bado wanazo rai zao, na rai hizo zikamfunulia mambo ya utawala wa kikoloni ambayo hayamo katika majalada ya serikali. Mjomba wangu alimheshimu sana Siti. Siku moja nilimwuliza kwa nini anamsamehe yeye na hamsamehe kijana wa Mbeya. Alinyamaza, kisha akasema kwamba Siti alikuwa na sauti. Hilo halikuwa jibu, naye alijua.

Wanawake hawakuketi barzani, kwa hiyo rai zao zimepotea zaidi kuliko za wengine. Ninayo moja tu. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akichambua karafuu uani na redio ikimfikia kupitia ukuta, alisema kwamba kijana huyu anazungumza kama mtu ambaye hajala, na mtu ambaye hajala haulizwi adabu kwanza. Katika yote yaliyosemwa mwaka ule sijui kama liko lililokuwa na hukumu ya sawa kuliko hilo.

Sasa nifike kwangu mwenyewe, ingawa ningependa kupapita upesi. Nilikuwa kijana wa skuli, na nilitaka kusifiwa. Tulipotakiwa kuandika insha juu ya sanaa na maadili, niliandika kurasa nne za kuilaani kaseti ile, nikitumia maneno ya mjomba juu ya mizani na maneno ya walimu juu ya uhuni, na la kwangu halikuwamo hata moja. Insha ikasomwa mbele ya darasa. Mwenye kaseti, sahibu yangu ambaye usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa naye nikiisikiliza kwa furaha, alikuwa ameketi dawati la pili. Mwalimu akamwita, akaichukua kaseti, akaiweka mtotoni mwa meza. Niliirudisha mwenyewe baada ya wiki mbili kwa kuombaomba, lakini sahibu yangu hakuniambia neno juu yake, nami sikumwambia.

Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, na kura zikarudiwa katika majimbo 16 tu. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana Wete, Chake Chake, Micheweni na Unguja, na askari wakawapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni katika nchi ya Kenya. Sahibu yangu alikuwa mmoja wa waliovuka. Usiku kabla hajapanda chombo alipita kwetu, akanipa mfuko wenye vitabu viwili na kaseti, akasema nimtunzie.

Nikiisikiliza kaseti ile mwezi Februari, na redio ikiwa chini kabisa kwa hofu, niliona kwamba wimbo umegeuka. Maneno ya polisi na jela, ambayo mwaka 1998 tuliyachukua kuwa mambo ya vijana wa Dar es Salaam, sasa yalikuwa yanapita njiani kwetu na viatu vyake. Na pia niliona upungufu wake, ambao si kosa la mtungaji: dhiki iliyoimbwa ni ya Bara, na katika kaseti zilizofika barzani kwetu mwaka ule na uliofuata haikuwamo hata moja iliyoitaja Januari yetu. Barza yenyewe ilikuwa tupu. Muafaka ulipotiwa saini Oktoba 2001 watu walianza kurudi mmoja mmoja, na mazungumzo yakaanza tena kwa mambo ya bei ya samaki.

Mbilinyi aliingia bungeni mwaka 2010 kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, naye Joseph Haule, yaani Professor Jay, akamfuata mwaka 2015 kwa jimbo la Mikumi. Februari 2018 Mbilinyi alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyosemwa kuwa ya kumfedhehesha Rais, akatoka mwezi Mei. Mjomba wangu, mzee sana sasa, alipopata khabari ile aliniuliza kama huyu ndiye yule asiyejua mizani. Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi wamemsikia." Hakuiondoa hukumu yake juu ya vina, wala sidhani kwamba ilimpasa kuiondoa.

Kwa miaka mingi, kila nilipowasimulia wanafunzi wangu khabari hizi, nilimaliza kwa maneno ya sahibu yangu. Nilikumbuka kwamba usiku ule wa kuondoka, aliponipa mfuko, alisema, "Wimbo huu ni wetu." Niliyaandika hata katika daftari langu la mihadhara, nikayatolea maelezo: kwamba msikilizaji ndiye mwenye wimbo, na kwamba Pemba ilijitwalia lawama ya Bara ikaifanya yake. Mwaka jana nilimpigia simu Mombasa, ambako amekaa tangu hapo, nikamwomba ruhusa ya kuyatia katika makala haya. Alicheka sana. Akasema hakupata kuyasema. Alilosema, na anakumbuka vizuri kwa kuwa alikuwa bado na hasira nami kwa ile insha, ni kwamba wimbo ule si wetu, tumeuazima tu, na kwamba mimi niliyepewa kalamu niandike ulio wetu.

Kisha akaniuliza kama kaseti yake bado ninayo. Ninayo, nikamwambia, lakini utepe umeliwa na ukungu, na upande wa pili hausikiki tena.